Zinki Yaliwa Ili Mashine Ipone: Maneno Niliyowaambia Mafundi wa Boti na Vijana wa Kemia, Mombasa

(Haya ndo yale niliyoongea ukumbini Jumamosi, wengi waliniomba niyaandike kwaivo nimeyaandika vile vile nilivyoyasema, nimetoa salamu ndefu na zile dakika za kupigana na maiki.)

Assalaam aleikum wazee wangu, mama zangu hamjambo, vijana wa fom foo mambo vipi. Nimepewa nusu saa na mwanijua mimi, kwaivo tuingie baharini moja kwa moja.

Hapa mezani nina vitu vitatu. Hiki cha kwanza ni zinki mpya ya mashine ya boti, kile kipande kinachofungwa ili kiliwe na maji ya chumvi badala ya mashine, ishike mzee, ipitishe kwa wenzako, nzito, uso laini, kingo zake zimenyooka. Hii ya pili ilikuwa ndugu yake kabisa, imefunguliwa kwenye mashine ya boti inayolala Tudor, sa hizi imebaki mashimo, unga mweupe umeganda pembeni, ukiiinua kwa dirisha kuna mahali mwanga wapenya. Alafu hiki cha tatu ni kipande cha braketi ya alumini, hii yatoka mashine nyengine ambayo mwenyewe alisema zinki ni kutupa pesa, na mwaona hapa bolti ya stenlesi ilipopita, alumini imeliwa mpaka tundu limekuwa kubwa kuliko bolti yenyewe, bolti yang'aa kama jana imetoka dukani. Bolti haina hata alama. Hapo ndo pa kuuliza, kwa nini maji ni yale yale, chumvi ni ile ile, mmoja aliwa na mwengine hata harambwi?

Vijana nyinyi jibu mnalo kwenye ule ukurasa wa mwisho mwisho wa kitabu, lile jedwali mnalopewa kwenye mtihani la volti, ambalo wengi wenu mwalikariri bila kujua lasema nini. Kila metali ina tabia yake kwenye elektroni, zile chembe ndogo zinazobeba umeme, kuna inayopenda kuzitoa na kuna inayopenda kuzipokea, na hilo jedwali lapima hamu ya kupokea, vitabuni waiita potenshali ya ridaksheni. Namba ikiwa kubwa upande wa chanya huyo ni mpokeaji, ikiwa chini kwenye hasi huyo ni mtoaji. Dhahabu iko juu, kama +1.50. Fedha +0.80, shaba +0.34. Haidrojeni sifuri. Alafu twashuka, risasi −0.13, stani ile ya kupaka mikebe −0.14, nikeli karibu −0.25, chuma −0.44, zinki −0.76, alumini −1.66, magnesiamu −2.37, na chini kabisa huko lithiamu −3.04, na ndo maana betri ya simu yako ina lithiamu na haina risasi.

Sasa hiyo sifuri ya haidrojeni msiifikirie kama ni sifuri ya Mungu. Watu waliketi wakakubaliana tu. Ni kama urefu wa mahali, sisi wa pwani twajua kipimo chaanzia hapa kwetu, usawa wa bahari, lakini ukitaka kujua Nairobi imeipita Voi kwa mita ngapi haikuhusu umeanzia kupima wapi, watoa moja kwa nyengine basi. Hakuna mtu aliyewahi kupima potenshali ya zinki peke yake, haipimiki, mita ya volti ina waya mbili na zote mbili lazima ziguse kitu. Kwaivo ukiona zinki −0.76 maana yake ni zinki ikilinganishwa na haidrojeni, kwenye nyuzi 25 za Selsiasi, ioni, yaani chembe zenye chaji zilizoyeyuka majini, zikiwa mola 1 kwa lita. Hiyo namba ni habari ya watu wawili, hata kama jina lililoandikwa ni moja. Mkishika hili tu leo mimi nimeridhika, yote yanayofuata yatoka hapo.

Na kwa walio na vitabu vya zamani vya Marekani vya baba zenu, msishtuke mkikuta zinki imeandikwa +0.76. Zamani wengine waliandika hamu ya kutoa badala ya kupokea, hadi 1953 wanakemia walipokutana Stockholm wakakubaliana ishara ziende njia moja. Tupite.

Seli, yaani chumba kimoja cha betri, ya kwanza kila mtu huanza nayo ni ya Daniell, Mwingereza John Frederic Daniell, 1836. Zinki upande mmoja ndani ya zinki salfeti, shaba upande wa pili ndani ya kopa salfeti ile ya buluu, na kati yao daraja la chumvi ili ioni zipite, manake bila hilo daraja chaji zajazana kila upande na kazi yasimama papo hapo. Zinki yatoa elektroni, zapita kwenye waya, zafika kwa shaba, ioni za shaba zazipokea zageuka shaba ya kushikika. Hesabu: mpokeaji toa mtoaji. 0.34 toa −0.76, yaani 0.34 jumlisha 0.76, ni volti 1.10.

Hapa nataka kugombana na vijana kidogo. Mwalimu wenu atawapa zinki na fedha. Zinki yatoa elektroni mbili, ioni ya fedha yapokea moja, kwaivo kwenye mlinganyo mwaandika fedha mbili, sawa, alafu mtu achukua 0.80 aizidisha mara mbili! Kila mwaka, kila mwaka! Volti haizidishwi. Volti yasema kila kipimo cha chaji kimebeba nishati kiasi gani, ukiongeza chaji nishati ya jumla yaongezeka lakini mzigo wa kila mmoja ni ule ule. Jibu ni 0.80 jumlisha 0.76, ni 1.56, basi. Na yule anayegeuza ishara ya zinki alafu bado atoa, huyo amegeuza mara mbili, amerudi alikotoka na alama imekwenda.

Haya. Tuache karatasi. Maji haya nimeyateka asubuhi pale Mama Ngina, maji ya bahari tu, nimechuja mchanga. Huu ni msumari wa geji uliopakwa zinki, na hii ni waya ya shaba ya stima nimeimenya. Nani ataisoma mita? Njoo bibie. Nyekundu kwa shaba, nyeusi kwa msumari. Yasoma? 0.78, 0.79, yacheza hapo. Asante. Sasa mbona si 1.10?

(Kijana mmoja akasema maji ni machafu. Watu wakacheka.)

Wacheka lakini hayuko mbali. Jedwali lasema 1.10 ikiwa upande wa shaba kuna ioni za shaba zimejaa. Kwenye kikombe hiki ioni za shaba ziko wapi? Hakuna, za kuhesabika hakuna. Sasa zile elektroni zikifika kwenye waya ya shaba zapokelewa na nani? Na oksijeni iliyoyeyuka kwenye maji. Shaba hapa yawa uwanja tu, mchezo ni wa zinki na oksijeni, na oksijeni mvivu, hufika polepole, kwaivo namba yashuka na ukiunganisha taa yashuka zaidi. Kwa msomaji wa mtihani hii yamaanisha seli ni nyengine. Kwa fundi yamaanisha kwamba baharini si lazima uwe na ioni za kitu chochote maalum ili chuma kiliwe, oksijeni yatosha, na bahari haiishiwi.

Sasa tuwaze mabati ya nyumba. Mabati yetu ni chuma kilichopakwa zinki, na hapa na hii hewa ya chumvi sote twajua yaoza mapema kuliko ya bara. Lakini angalia mkwaruzo. Mtu apanda juu, nyundo yateleza, zinki yakwaruzika, chuma chaonekana. Chuma −0.44, zinki −0.76. Zinki iko chini, kwaivo zinki iliyobaki pembeni ndo yatoa elektroni, chuma kilicho uchi chakaa salama kwa muda mpaka zinki ya jirani iishe. Ndugu yake ni mkebe wa maziwa. Huo pia ni chuma, lakini umepakwa stani, na stani ni −0.14, iko juu ya chuma. Ukiukwaruza ukauacha nje kwenye unyevu, chuma ndo chatoa, na chatoa kwa haraka kuliko kingekuwa peke yake. Zote mbili ni rangi ya fedha, ukiziweka kando kando dukani hutofautishi. Na nitawapa la kuwatatiza: ndani ya mkebe uliofungwa, penye asidi za matunda na hewa hakuna, stani inaweza kugeuka ikawa ndiyo mtoaji ikalinda chuma, manake asidi zile zazishika ioni za stani na kuziondoa njiani. Hali ikibadilika, mpangilio wabadilika.

Waingereza walilipia somo hili pesa nyingi. 1761 walichukua manuari yao HMS Alarm, meli ya mbao, wakaifunika chini kwa mabamba ya shaba ili minyoo ya bahari isitoboe mbao, mafundi wa majahazi hapa mwaijua hiyo minyoo vizuri. Wakapeleka meli Karibi. 1763 wakaikagua, mabamba yamelegea, misumari ya chuma iliyoyashika imeoza. Isipokuwa misumari michache! Ile michache ilikuwa na kipande cha karatasi, karatasi tu ya kufungia mabamba, kilichobaki kati ya chuma na shaba. Penye karatasi elektroni hazikupata njia, msumari ukapona. Na hawa watu hawakuwa na jedwali, hata elektroni yenyewe ilikuja kujulikana 1897.

Alafu akaja mwanakemia wao Humphry Davy, 1824, akaambiwa shaba ya meli zao yaliwa na maji ya bahari. Davy akasema, bandikeni vipande vya zinki au chuma kwenye shaba. Wakajaribu kwenye meli Samarang, na kweli shaba ikaacha kuliwa kabisa. Ila meli ikarudi imefunikwa na majani ya bahari na vile vichaza vidogo vya kuganda mpaka haiendi! Kumbe shaba ikiliwa kidogo kidogo ndo hutoa sumu inayowafukuza hao wadudu, Davy alipoizuia isiliwe akaizuia na sumu pia. Mimi nampenda Davy kwa hilo, hesabu yake ilikuwa sahihi mpaka ikawa tatizo. Zinki hizi mlizoshika hapa ni wazo lake lile lile.

Na ile misumari ya Alarm ina jambo jengine. Msumari mdogo, bamba kubwa. Mtoaji akiwa mdogo na mpokeaji mkubwa, oksijeni ina uwanja mpana wa kupokelea na elektroni zote lazima zitoke mahali padogo, kwaivo pale padogo paliwa vibaya sana. Geuza, bolti ndogo ya stenlesi kwenye sahani kubwa ya chuma, hapo uharibifu wasambaa, wachukua muda. Ndo maana kuna ushauri mmoja ambao wasikika kama wa kichaa: ukiwa na metali mbili zimegusana na una rangi ya kupaka moja tu, paka ile ambayo HAILIWI. Ukipaka inayoliwa, ule mkwaruzo mmoja kwenye rangi wageuka kuwa ule msumari wa Alarm.

Basi tufike kwenye alumini, na hapa nataka vijana wenye jedwali walifungue. Zinki −0.76. Alumini −1.66. Kwa jedwali nani mtoaji? Alumini, tena kwa tofauti ya 0.90, si mchezo. Kwa jedwali basi, ukifunga zinki kwenye mashine ya alumini, mashine ndo italiwa kuilinda zinki, umelipa pesa ili braketi yako itunze kipande cha zinki cha shilingi kadhaa! Na bado zinki hii hapa imeliwa na mashine iliyokuwa nayo imepona, fundi aliyeifungua yuko pale ameketi, mwulizeni. Nani mwongo, jedwali ama bahari?

(Mzee mmoja nyuma akasema jedwali. Vijana wakapiga kelele.)

Hakuna mwongo. Jedwali lazungumzia alumini iliyo uchi, na alumini haikai uchi. Ukiikata sa hizi, kabla hujaweka msumeno chini imeshajivika oksaidi, ngozi nyembamba sana, nanomita chache tu, huioni, lakini imara na imeshika. Ndani ya maji ya bahari wakipima kwa kulinganisha na elektrodi ya fedha na kloraidi yake badala ya haidrojeni, ambayo ndo wapimaji wa baharini huitumia, alumini ya boti yakaa karibu −0.75. Zinki yakaa karibu −1.03. Chuma cha kawaida kama −0.6, shaba kama −0.3, na stenlesi ikiwa na ngozi yake nzuri yapanda hata juu ya shaba. Huo ndo mpangilio wa bahari, na kwenye huo zinki iko chini ya alumini, kwaivo zinki yatoa. Metali zile zile mbili tulizopima kwa kikombe, shaba −0.3 na zinki −1.03, tofauti yake ni kama 0.7 na kitu, bibie si ulisoma 0.78?

Stenlesi ndo yenye kituko zaidi. Imetengenezwa kwa chuma, −0.44, na kromiamu ambayo ni −0.74, angalau asilimia 10 na nusu hivi. Wote wawili wanyonge kwenye jedwali. Wachanganye, kromiamu yatengeneza ngozi, na kitu chote chajifanya kama metali ya kifalme. Ndo maana ile bolti yang'aa na alumini imetoboka. Sasa rudi kwa braketi: mtoaji alumini, mpokeaji stenlesi, maji ya chumvi katikati, na waya hauhitajiki manake zimegusana.

Mtu akiniuliza kwani alumini haiwezi kuwa mlinzi, yaweza, na siku hizi zinki nyingi zinazouzwa si zinki, ni alumini. Waichanganya na zinki kama asilimia 5 na metali nyengine, indiamu, kidogo sana, kazi ya indiamu ni kuizuia ile ngozi isishike, basi alumini yabaki uchi na yashuka mpaka karibu −1.10, chini kuliko zinki. Ni nyepesi pia. Magnesiamu yashuka zaidi, kama −1.5, lakini hiyo iache kwa maji yasiyo na chumvi, mito na maziwa, ambako zinki hulala usingizi. Baharini magnesiamu yamalizika haraka na yasukuma elektroni nyingi mpaka maji yanayogusa alumini yawa makali kama magadi, na magadi makali yala alumini. Walinda hadi waua.

Maswali yalikuwa mengi, nayajibu kwa mkato hapa.

Fundi wa Mtongwe auliza kama apake zinki rangi ili boti ipendeze. La, wallahi la. Zinki iliyopakwa rangi ni pambo. Lazima maji yaiguse, na upande wa pili lazima metali iguse metali, pale bolti inapokaa sugua mpaka ing'ae ndo ufunge. Na rangi zile za chini zenye shaba ndani, za kufukuza vichaza, usizipake juu ya alumini, utakuwa umeitandaza shaba kwenye mashine kwa mkono wako.

Kijana auliza kama betri ya boti yafuata jedwali hili. Yafuata. Risasi oksaidi upande mmoja kama +1.69, risasi upande wa pili −0.36 ndani ya asidi, tofauti 2.05, na vyumba ni sita, ndo volti zako 12 na kidogo.

Mama mmoja mwenye boti ya watalii auliza, yake imekaa maji mwaka mzima na zinki iko vile vile kama mpya, si ni vizuri? Si vizuri, mama. Zinki isiyoliwa kabisa haifanyi kazi, ama imepakwa rangi, ama imefungwa juu ya kutu haijagusana na mashine, na sa hizo kuna kitu chengine chaliwa badala yake, mwambie fundi afungue aangalie. Na ikiwa yaisha kwa wiki chache tu, usikimbilie kununua kubwa zaidi, kagua waya za betri kwanza, umeme unaovuja majini hula metali haraka kuliko hii habari yote tuliyoongea.

Mita nitaiacha hapa mezani na kikombe cha maji. Waliokuja na vyuma vyao wapange laini, mafundi kwanza.